Msimamizi Aliyepima Theluji na Kisasi

Ukimkosea Msimamizi wetu ulijua siku hiyo hiyo, kwa sababu ulimwamkia na shikamoo yako ikabaki inaning'inia hewani kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Hakutukana wala hakununa. Angeweza kukuuliza habari za watoto, akakumegea na andazi, lakini "marahaba" hukuipata. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa bila marahaba tangu Pasaka mpaka Wamarekani wanachonga maboga yao ya Oktoba, kosa langu likiwa ni kusema mbele ya wageni kwamba chapati zake zilihitaji chumvi kidogo. Kila asubuhi nilimwamkia kwa sauti ya kwaya nzima, na kila asubuhi alinitazama kwa upole na kusema, "Umeiona foleni ya leo?"

Kisha siku moja akaitika. Nusura nidondoshe chai.

"Msimamizi, kumbe yameisha?"

"Yameisha," akasema, akiendelea kufuta miwani yake. "Nilikuwa nimekupangia mpaka leo."

Kazi yetu ilikuwa kupima theluji. Cheka tu, mimi pia nilicheka nilipoliona tangazo. Tulikaa Dallas, mji ambao kiangazi chake kinalainisha lami mpaka njiwa wanaamua kutembea kwa miguu, tukapima theluji ya milima iliyo mbali kiasi kwamba ukienda kwa gari unafika umeota ndevu, hata kama ni mwanamke. Kampuni ilikuwa na vibao vyeupe huko juu, kila kibao na rula yake iliyosimama wima na kamera inayokikodolea macho. Theluji ikianguka inalala juu ya kibao. Sisi huku tunaisoma rula kwenye skrini, tunaandika, tunabonyeza kitufe, na mkono wa chuma kule mlimani unakipangusa kibao ili kianze upya. Wenye hoteli za watalii wa kuteleza kwenye theluji walizinunua namba zetu, na wenye malori pia, wajue barabara ipi itafungwa.

Niliingia hapo mwaka 2017, diploma yangu ya masomo ya jioni ikiwa bado ina joto la mashine ya kuchapia. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni katika fremu kubwa kuliko televisheni. Siku ya kwanza niliitaja, naona, mara moja au mara thelathini, na kabla ya chakula cha mchana Msimamizi alikuwa amenibatiza Bwana Diploma. Jina hilo ninalo hadi leo. Hata mke wangu analitumia akikasirika.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea rula, nyingine ya kutazamia watu. Kiti chake kilifunikwa khanga. Kiyoyozi cha ofisi ile kingeweza kumgandisha mamba, kwa hiyo alivaa sweta mbili, soksi za mpira wa miguu, na chini ya meza alificha hita ndogo iliyokatazwa na uongozi. Watu wa usalama wa jengo walipopita kukagua, aliifunika kwa gauni lake na kusimulia habari za goti lake hadi wakaondoka wakimwombea.

Na theluji yenyewe hakuwahi kuigusa! Miaka yote ile alijua tabia zake kama mtu anavyozijua tabia za mumewe, lakini mlimani hakukanyaga. Kampuni ilipotupeleka kwa ziara, alikataa.

"Msimamizi, huoni hamu?" nikamuuliza.

"Daktari wa meno lazima aumwe jino?"

Tukaenda bila yeye. Mimi nilianguka mara mia tisa na nikarudi na mguu umevimba kama fenesi. Alinikanda kwa maji ya moto na chumvi pale pale ofisini huku akinicheka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa watu wawili. Mmoja angetoka kwake Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas, alfajiri na sufuria ya supu kumpelekea mfanyakazi mwenye mafua. Wa pili alikuwa hasahau.

Huyo wa pili nitakuonyesha kwa habari ya mchicha. Huko Cedar Hill jirani yake mmoja, mzee mwenye mbwa mwenye jeuri, alimshitaki kwa kamati ya mtaa kwamba analima mboga mbele ya nyumba. Kamati ikamwamuru ang'oe. Akang'oa, akatabasamu, akampungia jirani mkono. Msimu uliofuata akapanda mchicha mwekundu, ule wenye majani kama vitambaa vya harusi, akaupanga kwa mistari, akazungushia mawe meupe. Kamati ikaja, ikatazama, ikasema maua yale ni mazuri sana na kwamba mtaa mzima uige. Tangu hapo, kila alipochuma, alimpelekea jirani fungu moja na kumweleza namna ya kuyapika maua yale kwa karanga. Kwa uso mtamu kabisa! Mzee yule aliteseka mpaka akaanza kumpeleka mbwa wake matembezi kwa mlango wa nyuma.

"Ukitaka kumwadhibu mtu," aliniambia siku moja, akinitwika fungu langu, "usiwe na haraka. Haraka inamfanya akuonee huruma."

Lakini kwenye vipimo hakuwa na mchezo wala kisasi. Alitufundisha kila kitu kwa mifano ya jikoni. Mimi na Bahati, mama mmoja Mkongo aliyekuja kwetu akitokea kiwanda cha kuku, tulikaa mbele yake kama watoto wa chekechea.

"Mmewahi kununua unga kwa kopo?" alituuliza.

"Tumenunua," tukasema.

"Ukijaza kopo, ukaligongagonga, unga unafanyaje?"

"Unashuka, Mama," akasema Bahati.

"Basi theluji nayo ni hivyo. Ikikaa inajilalia, inashuka kwa uzito wake. Ndiyo maana kibao kinapanguswa kwa ratiba, asubuhi na jioni, basi. Mtu akikipangusa kila saa, anaipima kila mara ikiwa bado imevimba, hajaipa nafasi ya kushuka. Halafu anajumlisha uvimbe wote huo. Mwisho wa siku mlima mmoja amekuuzia miwili. Huo ni wizi, na mwizi wa theluji nitamkata mikono, mnanisikia?"

"Tunasikia, Mama," akasema Bahati, akaificha mikono yake chini ya meza. Tulicheka sana.

Bahati alimpenda kama mzazi. Alikuwa na wanawe watatu na mama yake mzazi ndani ya fleti moja, na Kiingereza chake kilikuwa bado kinatembea kwa magongo. Msimamizi ndiye aliyempigania apewe kazi. Alimpigania na mwingine pia, na huyo ndiye aliyetuletea hadithi.

Mwingine huyo ni Deo, Mtanzania mwenzetu, kijana msafi, mwenye kuongea na wakubwa kana kwamba amezaliwa nao. Msimamizi alimwokota kwenye maegesho ya duka la jumla, akisukuma vitoroli, akamfundisha rula, akamlisha kwake Cedar Hill kila Jumapili hadi shingo ikapotea. Mama yake Deo alikuwa akipiga simu kutoka nyumbani kumshukuru, wakaitana dada. Deo mwenyewe alimwita Mama na shikamoo yake aliitoa akiwa ameinama nusu, karibu na sakafu.

Mwaka 2018 Deo akawaambia wakubwa kwamba Msimamizi haoni vizuri. Kwamba namba za Dallas ni nyembamba kwa sababu macho ya bibi yamechoka. Wakubwa wakaja naye chumbani kwetu, na Deo akiwa ameshika karatasi yenye mistari ya rula. Akasimama mwisho wa chumba, akamwomba Msimamizi asimame mwisho mwingine asome, mbele yetu wote.

Akasimama. Alishikilia ukingo wa meza, miwani ya kusomea ikiwa imesahauliwa kichwani, akasoma mstari kwa mstari, na hakukosea hata mmoja. Haikusaidia. Walishaamua kabla hawajapanda lifti. Deo akafanywa mkuu wa vipimo vyote, vya Dallas na vya ofisi mpya ya Houston, akahamia Sugar Land, kando ya Houston, kwenye nyumba yenye gereji ya magari matatu. Msimamizi akahamishiwa kimeza cha kando ya choo, awe anajibu simu. Alikibeba kiti chake mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alinitazama kwa miwani ya watu, nikarudi kukaa.

Jioni, tukishuka kwenye maegesho, nilimwambia maneno ya kufariji niliyojifunza kwenye somo la mawasiliano. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Bwana Diploma," akasema, "amenisimamisha mbele ya watu. Na yeye atasimama mbele ya watu. Halafu nitakaa kwenye kiti changu. Hayo mawili tu ndiyo ninayoyataka hapa Marekani, mengine nimeshapata."

Sisi tuliendelea kumwita Msimamizi. Deo alipopiga simu kutoka Houston, simu ilipitia kwake.

"Mama, shikamoo!"

"Nikuunganishe na nani?" alijibu, akaunganisha.

Deo akamchukua Bahati aende naye Houston. Alimwahidi zamu za mchana ili awe nyumbani watoto wakitoka shule, na kwa mama wa watoto watatu hiyo ni ahadi ya peponi. Bahati alikuja kuaga huku analia. Msimamizi akamfungia vitumbua vya njiani, akamshika mashavu, akamwambia asiendeshe gari kwa woga kwenye barabara kuu maana wenye woga ndio wanaogongwa.

Kisha namba za Houston zikaanza kunenepa.

Sisi Dallas tulisoma milima ya upande mmoja wa bonde, Houston ilisoma ya upande wa pili. Milima inayotazamana, mawingu yale yale. Kwetu theluji ilikuja ya kufunika viatu, kwao ikaja ya kumzamisha ng'ombe. Wenye hoteli za upande wa Houston walifurahi, wakatangaza theluji ya ajabu, wageni wakamiminika. Wenye hoteli za upande wetu wakapiga simu kulalamika kwamba sisi tunawaharibia biashara kwa ubahili wetu. Minong'ono ikaanza kwamba ofisi ya Dallas ifungwe, kazi yote iende Houston kwenye macho mazuri.

Mimi nilidhani Mungu ana upendeleo wake tu. Nikaenda pale kando ya choo.

"Msimamizi, umeziona namba za Deo? Amenenepa kuliko sisi wote."

"Nimeziona." Akamenya chungwa lake, polepole, ganda likatoka zima. "Mwache anenepe."

Nikajua kuna jambo, sikujua ni lipi. Majira yale yote ya baridi alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Aliimba kwenye simu. Alimletea meneja wa jengo sambusa. Wakati sisi wengine tunatafuta kazi kwa siri na kuandika barua za maombi, yeye alikuja na mto mpya wa kiti, wa maua, akauweka juu ya kimeza chake ukiwa bado ndani ya mfuko.

"Wa nini huo?"

"Wa kiti changu."

"Kiti gani? Wanatufunga, Msimamizi!"

"Utaona kiti gani."

Mwanzo wa 2019 mambo yakapasuka. Hoteli moja kubwa ilikuwa imeita wageni kwa namba za Houston, watu wakaja na familia na mavazi ya kutelezea yenye rangi za kasuku, wakakuta theluji ya goti na mawe yamechungulia. Wageni wakataka warudishiwe, hoteli ikawaka moto, na moto ukashuka milima yote ile mpaka kwenye chumba chetu cha mikutano. Wakubwa wakakaa upande mmoja. Deo akapanda ndege kutoka Houston akaja na suti ya kijivu. Wenzake wa Houston walikuwa kwenye skrini ukutani, na Bahati miongoni mwao, uso wake ndani ya kiboksi kidogo, nywele kasuka vizuri.

Deo alianza kwa kusema kosa linaweza kuwa la Dallas. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayefiwa. Msimamizi, aliyeletwa mkutanoni ili amimine kahawa, akaweka chini birika.

"Naomba kuuliza jambo moja," akasema. "Deo, simama mwanangu, usome rula, watu wote wasikie."

Aliyasema kwa Kiingereza, lakini kisasi kilikuwa cha Kiswahili kitupu. Deo akacheka kidogo, akawatazama wakubwa. Mkubwa mmoja akamwashiria asimame, basi akasimama.

Sasa, kando ya kila kibao kuna nguzo ndefu iliyochimbiwa ardhini. Nguzo haipanguswi kamwe. Inaonyesha tu theluji iliyopo chini, iliyojilalia na kushuka. Msimamizi akaomba picha ya nguzo ya mlima ule ule iletwe kwenye skrini.

"Soma."

Deo akasoma. Ilikuwa ya goti.

"Sasa soma jumla ya kibao chako, majira haya."

Deo akasoma, sauti ikiwa imepungua. Ilikuwa ya kifua.

"Theluji hushuka, sote tunajua. Lakini tueleze, kifua chote hicho kimeingiaje kwenye goti?"

Jasho lilimtoka Deo kwenye baridi ile, kwa macho yangu niliona shanga zake zikishuka kwenye kola.

"Kibao mlikipangusa kila baada ya muda gani?" akauliza Msimamizi, kwa upole, upole ule wa mchicha.

Na Deo, badala ya kujibu, akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Anayebonyeza ni Bahati. Kila mtu anaingia kwenye kompyuta kwa jina lake. Muulizeni Bahati."

Wakaangalia. Kweli, kila mpanguso ulikuwa na jina la Bahati. Ndani ya kile kiboksi uso wake uliganda, tukadhani mtandao umekatika.

"Mimi nilifinya bouton tu vile patron alisemaka," akasema hatimaye, akiuacha Kiingereza kabisa. "Mama, uko unanisikia? Waambie. Alisemaka ni sheria mupya. Mama!"

Nilimtazama Msimamizi. Nilitegemea aseme. Alikuwa anamtazama Deo aliyesimama, na uso wake ulikuwa na shibe, sina neno jingine. Nikatafsiri mimi, mbiombio, kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni, kwamba alibonyeza kitufe kwa amri ya mkubwa wake. Mkubwa akasema asante, watalishughulikia.

Walilishughulikia. Deo aliambiwa atoke, akatoka kwa mlango wa mbele akitazamwa na kila jicho la ofisi, na mlinzi nyuma yake. Bahati alifukuzwa mchana ule ule. Dallas haikufungwa. Wiki iliyofuata Msimamizi alikibeba kiti chake kutoka kando ya choo, akakirudisha mahali pake, akatandika khanga, akautoa mto wa maua kwenye mfuko, akakaa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, viganja vikawaka.

Baadaye, makofi yalipokwisha, nikamuuliza tangu lini alijua.

"Wiki ya kwanza," akasema. "Namba haziwezi kunenepa hivyo zenyewe."

"Na ulijua nani anabonyeza?"

Alivaa miwani ya kusomea rula, akageukia skrini. "Kibao namba nne kimejaa, Bwana Diploma. Pangusa."

Alistaafu majira yale yale yalipokwisha na kuhamia Pearland kwa binti yake, muuguzi wa moja ya zile hospitali kubwa za Houston. Mwaka 2020 nilikuwa nimehamia Houston mimi pia, na kiangazi, kila mtu akiwa na barakoa na hofu yake, Deo akanipigia simu. Sauti ilikuwa imechakaa. Alikuwa anapeleka vifurushi majumbani.

"Kaka, nipeleke kwa Mama. Nataka kumwomba radhi."

"Leo ndio umekumbuka?"

"Mama yangu mzazi amezisikia habari. Hapokei simu zangu. Amesema nisimpigie mpaka Mama wa Marekani aseme amenisamehe. Na huyu Mama mwenyewe simu yangu haipokei. Kaka, nimebaki kama yatima mwenye mama wawili."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, halafu nikaenda kumchukua. Tuliendesha na madirisha wazi, hewa ya moto ikituchemsha kama mihogo. Pearland nilifunga madirisha, nikawasha kiyoyozi, nikamwacha ndani ya gari nje ya nyumba, nikaenda kwanza mimi.

Msimamizi alikuwa ameketi kwenye gereji iliyofunguliwa, feni ikimpuliza, beseni la bamia miguuni. Niliweka kiti changu mbali kama serikali ilivyotaka.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Bwana Diploma. Yule kwenye gari ni nani?"

"Ni Deo. Amekuja kukuomba radhi."

Akakata bamia moja. Akakata ya pili. "Mwambie azime injini. Moshi unaingia."

Nikaenda, nikamwambia. Akazima. Bila kiyoyozi, gari lile mchana ule lingeweza kuoka mkate. Nikarudi, na Msimamizi akaniuliza habari za mke wangu, za watoto, za diploma. Akanieleza habari za goti lake kwa kirefu. Kila baada ya muda alichungulia gari kwa miwani ya watu, akakata bamia nyingine. Niliona kabisa kwamba anafaidi.

"Msimamizi," nikasema, "yule atakufa."

"Hafi. Ana mafuta." Akapangusa kisu. "Amekwenda kwa Bahati?"

"Hapana."

"Basi hajaja kuomba radhi. Amekuja kutafuta simu ya mama yake ipokelewe. Mrudishe. Akampigie magoti kwanza yule binti, yeye ndiye aliyetupwa kwa kidole mbele ya watu. Akimaliza huko ndipo nitafikiria kama nitamsikia."

Nilisimama nikamwite Deo. Lakini mdomo wangu, ambao tangu utoto haujawahi kuniomba ruhusa, ukafunguka.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulijua tangu wiki ya kwanza. Simu moja kwa Bahati ingetosha. Ungemwambia tu, mwanangu, usibonyeze. Ulimwacha majira mazima ili Deo anenepe."

Nilingoja anifukuze. Nilijua kwamba shikamoo zangu zote mpaka siku ya kiyama zimekwisha. Kisu kilisimama juu ya bamia. Feni ikageuka huku, ikageuka kule.

"Aliniita," akasema. "Mbele ya watu wote. Aliniita Mama mara mbili."

"Nilisikia."

"Na mimi nilikuwa natazama suti ya yule mpumbavu." Akalisukuma beseni kwa mguu. "Anaishi wapi siku hizi?"

"Alief, hapa hapa Houston. Anafanya kazi ghalani, zamu za jioni."

"Niletee viatu. Vile vya kufunga, si ndala."

Alipanda kiti cha nyuma, Deo akiwa mbele kalowa chepechepe. "Shikamoo, Mama," Deo akasema bila kugeuka. Msimamizi akafunga mkanda. Njia nzima hakuna aliyesema neno, na mimi, ambaye ukimya unaniwasha kama upupu, niliimba nyimbo za kanisani zote ninazozijua na mbili nilizozitunga.

Bahati aliishi ghorofa ya pili. Msimamizi alipanda ngazi kwa goti lile, akikataa mkono wangu na kutoutazama kabisa mkono wa Deo. Akabisha mwenyewe.

"Ni nani?" sauti ikauliza ndani.

"Ni mimi, mwanangu. Msimamizi."

Pazia la dirisha likasogea. Jicho moja likatutazama, likaanza na yeye, likaja kwangu, likatua kwa Deo na kubaki hapo.

"Na ule?"

"Ni Deo. Wote wawili tumekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye wa kwanza."

Jicho likatafakari.

"Mungojeye apo kwanza," Bahati akasema, na pazia likarudi.

Tukangoja. Ndani tukasikia redio ikifunguliwa, sauti ikapandishwa. Tukasikia sufuria, maji, kitu kikikaangwa kwa vitunguu, mtoto akiuliza jambo kwa Kiingereza na Bahati akicheka. Jua lilikuwa limetushika pale kwenye ujia kama polisi. Majirani walipita, wakatutazama, wakapita tena. Harufu ya vitunguu ikapita kwenye barakoa, tumbo la Deo likanguruma.

"Mama, nigonge tena?" akanong'ona.

"Thubutu."

Msimamizi alishika chuma cha ngazi, akakiachia kwa jinsi kilivyochoma, akakishika tena. Jasho lilishuka kutoka kwenye kilemba chake hadi kwenye kola. Alisimama wima, mbele ya watu wale wote waliokuwa wakipita, macho yake kwenye mlango uliofungwa, na nyuma ya barakoa nikaona mashavu yake yakipanda.

"Huyu," akaniambia polepole, kwa fahari ambayo hata diploma yangu haijawahi kuipata kwake, "nilimfundisha mimi."